Nimepangiwa upasuaji wa moyo na ninaogopa kufa: je, imani yangu ni haba?

"Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36 na watoto wawili, ninaishi Machame. Valvu ya moyo wangu upande wa kushoto imebana, na madaktari wanasema chanzo ni homa niliyopata utotoni. Baada ya wiki 5 ninatakiwa Dar es Salaam, kwenye taasisi ya moyo, nibadilishiwe valvu. Tangu nipewe tarehe hiyo silali. Ninaegemea mito mitatu, na ikifika saa 8 usiku ninashtuka nimebanwa pumzi, moyo unakwenda mbio, na ninajiona kabisa nikifia mezani. Nimeambiwa moyo utasimamishwa; ukisimama, si ndiyo nimekufa? Roho yangu itakuwa wapi saa hizo? Mtumishi mmoja anayetuombea amesema hofu ni kukosa imani, nifunge siku 3 bila kula wala kunywa, na nisisaini karatasi za hospitali mpaka nipate amani. Mama naye hataki nitaje wosia, anasema ni uchuro. Usharika mzima unaniombea, lakini ndani yangu ninahisi Mungu ananiadhibu. Mwanangu wa miaka 9 ameuliza kama nitarudi, nikakosa la kumjibu. Je, hofu yangu inaweza kuniua? Na ni kweli kwamba anayeogopa hana imani?"

Marahaba, dada yangu. Umefunga barua yako kwa maswali mawili, lakini nimeisoma mara tatu na nimekuta ndani yake jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni la haraka kuliko yote. Nitaanza nalo.

Mito mitatu. Umeitaja kwa kupita tu, kumbe mtu yeyote wa kliniki ya moyo angesimama hapo hapo. Valvu yako, yaani mlango wa damu, iko kati ya chumba cha juu na chumba cha chini vya upande wa kushoto wa moyo, na damu inayotoka mapafuni ikiwa na hewa safi ni lazima ipite hapo kabla ya kusukumwa mwilini. Homa ya rumatiki, ambayo hufuata mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa vizuri, huacha makovu, na miaka mingi baadaye mlango huo hukakamaa na kuwa mwembamba. Ukilala chali, damu iliyokuwa imetulia miguuni hurudi juu, inakuta mlango haupitiki, inasongamana mapafuni, na maji huanza kuvuja ndani ya mapafu. Ndiyo maana mtu hushtuka katikati ya usiku akitafuta dirisha. Ukimuuliza atakuambia ameamshwa na hofu, na hofu anayo kweli, lakini mara nyingi iliyotangulia ni pumzi, hofu ikaja nyuma yake.

Kisha hofu nayo huongeza lake. Fikiria bomba la kijiji linalotoa maji membamba, na watu wamepanga foleni ya ndoo. Kila mmoja akipewa muda, ndoo hujaa; mkianza kuharakishana, kila ndoo huondoka nusu na foleni nyuma hurefuka. Moyo wenye valvu iliyobana ni hivyo hivyo. Unapoogopa mapigo huongezeka kasi, chumba cha chini hukosa muda wa kujaa, damu hurundikana mapafuni, pumzi hubana zaidi, nawe huogopa zaidi. Kwa hiyo usiku wako huenda una mambo mawili yaliyoshikana, ugonjwa na hofu, na kuuita wote kwa jina la imani haba ni kukosea utambuzi. Kesho asubuhi wapigie simu wanaokuhudumia kliniki, uwaeleze habari ya mito hiyo, kushtuka usiku, na kama mapigo yanakwenda bila mpangilio. Dawa zinaweza kurekebishwa, na tarehe yako inaweza kuwahishwa. Ukibanwa pumzi hata baada ya kuketi, ukikohoa makohozi ya povu lenye rangi ya waridi, ukizimia, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, usisubiri kupambazuke wala usisubiri maombi yaishe. Nenda hospitali usiku huo huo.

Ukishtuka na dalili hizo hazipo, keti kitandani, shusha miguu sakafuni, na pumua ukitoa pumzi nje kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Ukitaka kusali, sali polepole, kwa maneno unayoyajua kwa kichwa. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kusali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa mwendo wa rozari, kuliwafanya watu wapumue karibu mara 6 tu kwa dakika, na mwili ukadhibiti mapigo na presha vizuri zaidi. Waliopimwa walikuwa watu 23 wenye afya njema, si wagonjwa wa valvu, kwa hiyo sikuuzii jambo hili kama dawa. Ninachosema ni kwamba ubeti wa wimbo wa usharika wenu, au dhikri kwa jirani yako Mwislamu, ukisemwa taratibu, unamgusa mtu hata kwenye mapafu yake.

Sasa, kusimamishwa kwa moyo. Swali lako ni la akili, na tangu zamani watu wameuliza hivyo kwa sababu nzuri: moyo ukisimama, ubongo hukosa damu, na baada ya dakika chache tu huanza kuharibika. Kwa hiyo babu zetu hawakukosea kukipima kifo kwa moyo. Lakini kinachoua katika mnyororo huo ni damu kutokufika kwenye ubongo na viungo vingine, na hicho ndicho kinachozuiwa kwenye chumba cha upasuaji. Kabla moyo haujasimamishwa, damu yako huelekezwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, ambayo huitia hewa, huitoa hewa chafu na kuirudisha mwilini bila kukatika. Moyo hutulizwa kwa maji maalumu yenye madini ya potasiamu, ili daktari ashone kitu kisichochezacheza, na kazi ikiisha damu ya kawaida huruhusiwa kurudi kwenye misuli yake, nao huanza kupiga wenyewe au kwa kushtuliwa kidogo kwa umeme. Mashine hiyo si jambo la jana. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia nchini Marekani, daktari John Gibbon aliitumia kumfanyia upasuaji msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu kwenye ukuta wa moyo. Kwa dakika 26 kazi ya moyo na mapafu ya msichana huyo ilifanywa nje ya mwili wake, na mashine, na akapona.

Roho itakuwa wapi? Hilo lina wenyewe, nao ni mchungaji wako na dhamiri yako. Mimi ninaweza kukuambia tu kwamba kwa kipimo chochote cha kitabibu utakuwa hai muda wote huo, umelala usingizi mzito wa nusu kaputi. Nimegundua pia kwamba lugha yetu inatuongezea uzito. Kwa Kiswahili moyo ndio unaopenda, unaovunjika, unaotiwa na kupewa. Mtu huwa na moyo mgumu au mweupe. Basi mtu akisikia kwamba moyo utafunguliwa kwa kisu, husikia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayefunguliwa. Wagonjwa wameniuliza, kwa sauti ya chini, kama watawapenda watoto wao vile vile wakiwa na valvu ya chuma. Watawapenda. Kinachobadilishwa ni mlango wa damu.

Nije kwenye imani. Waliokuambia kwamba hofu na imani haziwezi kukaa nyumba moja sijui wamewasoma wagonjwa gani. Mfalme Hezekia wa kwenye Biblia, ambaye mtumishi wako bila shaka anamfahamu, alipoambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa kufa, aligeuza uso wake ukutani na kulia sana, na hakuna mahali alipolaumiwa kwa machozi hayo. Aliongezewa miaka 15. Hofu ni mwili unaotambua kwamba kuna jambo kubwa mbele yake. Asiyeogopa hata kidogo kabla ya kufunguliwa kifua, mara nyingi ama hajaelezwa, ama hajasikiliza.

Zaidi ya hayo, hofu ya kifo si kitu kimoja. Chukua karatasi, uandike kila unachokiogopa kwa sentensi yake. Wengi ninaowaketisha kufanya hivi hukuta kwamba kufa kwenyewe kumechukua mstari mmoja tu, na mistari mingine ni ada za shule, maumivu, kuamka katikati ya upasuaji, mume kuoa haraka, deni la kikundi, au mtu ambaye hawajasemezana tangu mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Kila mstari una mtu wake wa kuujibu. Maumivu na usingizi ni maswali ya daktari wa usingizi, na muulize bila aibu. Deni ni la kikundi. Mtu mliyekosana, mfuate au mpelekee mjumbe; wazee wetu wa Kichaga walikuwa wakitanguliza jani la isale, mmea wa amani, wakienda kuomba radhi, na sioni kwa nini utaratibu huo uonekane wa kizamani. Mistari itakayobaki bila mjibu itakuwa michache, na hiyo ndiyo ya kupeleka kwa mchungaji.

Lakini kuna sentensi katika barua yako inayonipa wasiwasi kuliko hofu: unahisi Mungu anakuadhibu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha habari za karibu wagonjwa 600 wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa wamelazwa kwa maradhi mbalimbali na kufuatiliwa kwa miaka 2. Waliohisi kwamba Mungu amewaacha, au hawapendi, au kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa kidogo ya kufariki kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba wazo hilo ndilo lililoua, lakini mimi nimeona kwa macho yangu linavyofanya kazi: anayeamini anaadhibiwa huona haya kuomba dawa ya maumivu, huruka kliniki, husema "yote sawa" daktari anapopita wodini. Ugonjwa wako ulianza na bakteria kooni ulipokuwa mtoto, umri ambao hakuna dini ninayoijua inayomhesabia mtu dhambi ya kustahili adhabu kama hiyo. Mwambie mchungaji wako sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi, bila kuipamba.

Kuhusu usharika mzima kukuombea, nikusimulie jambo ambalo huwashangaza wengi. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,800 wa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6 za Marekani. Kundi moja liliombewa na watu wasiowajua na kuhakikishiwa kwamba linaombewa. Kundi la pili liliombewa na la tatu halikuombewa, lakini haya mawili hayakujua yako upande gani. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa 52 na 51 kwa kila 100 katika makundi mawili yasiyojua, na 59 kwa kila 100 kati ya waliojua kwa uhakika kwamba wanaombewa. Wako waliorukia kusema sala haina kazi, na mimi sioni kama Mungu ni mtu wa kupimwa kwa jedwali. Lakini dhana moja iliyotolewa inafaa kufikiriwa: huenda mgonjwa aliyeambiwa kwamba watu wamekusanyika kumwombea hujiuliza, kumbe niko mahututi kiasi hicho? Huenda nawe unabeba mzigo wa kutowaangusha wanaokuombea. Una haki ya kuchagua watu watatu au wanne ambao mbele yao unaweza kulia, na kuwaomba wengine wakuombee kimya kimya, bila kukupigia simu kila jioni kuuliza kama amani imekuja.

Kufunga siku 3 bila kula wala kunywa, katika hali yako na dawa unazotumia, usifanye. Unayetumia dawa za kutoa maji mwilini ukikosa maji unaweza kuharibu figo na kuvuruga madini ya damu, na moyo wako hauna akiba ya kuvumilia hilo. Ukifunga, jinyime kitu kingine. Dawa usiziruke, wala sindano ya penisilini kama umepangiwa. Mafuta ya upako yapakwe kabla, nyumbani, paji la uso. Ukishaoga kwa sabuni ya dawa kwa ajili ya upasuaji, na baadaye kwenye kidonda, kisiguswe na mafuta wala maji ya mtu yeyote, hata awe nani. Sisi wa mikoa hii tunaukumbuka mwaka 2011, magari yalivyojipanga kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya miti shamba cha shilingi 500. Sikumbushi ili kumcheka mtu, kwa maana wengi waliokwenda walikuwa na akili zao timamu na wamechoka kuugua. Ninawakumbuka wale walioacha dawa zao baada ya kunywa.

Na zile karatasi za ridhaa, usingoje amani ndipo usaini, ngoja maelezo. Uliza wewe mwenyewe: kwa hali yangu, kati ya watu 100 kama mimi, wangapi hawatoki? Katika hospitali kubwa za Marekani, kubadilishwa kwa valvu hii peke yake huchukua maisha ya takriban wagonjwa 5 kwa kila 100, wengi wao wakiwa wazee wenye maradhi mengine. Namba yako inaweza kuwa pungufu au zaidi, kulingana na mapafu yako na nguvu ya misuli ya moyo. Ukiipata, iweke kando ya namba nyingine ambayo watu husahau kuiuliza: valvu hii ikibana sana na dalili zikawa nzito, bila kurekebishwa, wanaofikisha miaka 10 hawazidi 15 kwa kila 100. Kwa hiyo uchaguzi ulio mbele yako haukuwa kati ya hatari na usalama. Uliza pia kama valvu yako inaweza kupanuliwa kwa puto bila kufungua kifua, maana kwa baadhi ya watu inawezekana, na kama bado unatamani mtoto, sema sasa. Valvu ya chuma hudai dawa ya wafarini, inayozuia damu kuganda, maisha yote, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Ya tishu haidai hivyo, ila huchakaa mapema kwa mtu wa umri wako.

Hapo ndipo ninapotofautisha tumaini na uhakika. Aliyekutaka uwe na uhakika amekuomba kitu ambacho hata daktari mpasuaji hana. Tumaini linahitaji kidogo zaidi ya ombi na kidogo pungufu ya ahadi: jambo unalolitaka, njia ya kulifikia, na nguvu ya hatua inayofuata. "Nipone" ni kubwa mno kushikika saa 8 usiku. "Nipande kutoka barabarani hadi nyumbani bila kupumzika," hilo linashikika, na ni jambo ambalo valvu mpya huwapa watu wengi.

Mama yako na uchuro nimewaacha hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa simlaumu. Anajilinda. Lakini Hezekia huyo huyo aliambiwa kwanza atengeneze mambo ya nyumba yake, na matengenezo hayakumuua. Nilichokiona kwa wagonjwa ni kwamba anayeandika wosia, akataja nani akae na watoto na hati ya kiwanja iko kabati gani, hulala vizuri zaidi usiku huo. Usimwombe mama akubali, mwombe tu aketi jirani unapoandika.

Jambo jingine waeleze ndugu watakaokuuguza. Utaamka chumba cha wagonjwa mahututi ukiwa na mpira kooni, hivyo hutaweza kusema mpaka utolewe, na mirija kifuani. Ukikohoa utakumbatia mto ili mfupa wa kidari, ulioshonwa kwa waya, usitikisike. Katika siku za mwanzo watu wengine huchanganyikiwa: huona wadudu ukutani, au marehemu bibi amesimama mlangoni akiwaita. Hutokana na dawa, kukosa usingizi na mshtuko wa upasuaji, na kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Ndugu wasianze kutafuta mchawi, wamwambie muuguzi. Kulia bila sababu wiki za mwanzo nako ni kwa kawaida. Ukidumu zaidi ya wiki 2 hivi, useme kliniki.

Je, hofu inaweza kukuua mezani? Ukiwa umelala hofu haina kazi pale, na kabla ya hapo daktari wa usingizi ana dawa za kukutuliza. Inachoweza kufanya ni kukuzuia usifike mezani. Kwa hiyo usibaki na barua hii peke yake. Ukianza kufikiria kuikimbia tarehe, ukikosa usingizi hata baada ya pumzi kutibiwa, ukishindwa kula, au likikujia wazo kwamba heri ufe tu, njoo uonane na mtu uso kwa uso wiki hiyo hiyo. Hapo Moshi unaweza kuulizia huduma ya afya ya akili katika hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, na KCMC wapo pia wachungaji wanaowahudumia wagonjwa.

Amebaki mwanao. Mtoto wa miaka 9 akinyimwa jibu hujitungia, na analolitunga huwa baya kuliko ukweli. Mkalishe mchana, si usiku wa kuondoka. Mwambie moyo wa mama una mlango uliobana, madaktari wataubadilisha, watu wengi hurudi wakiwa na nguvu, nawe unatumaini kuwa mmoja wao. Mwambie kwamba bibi ndiye atakayelala nao, na umtajie nani atampeleka shule. Ukipewa valvu ya chuma, mweleze kwamba ukirudi, nyumba ikitulia usiku, atasikia kifuani mwako mlio kama wa saa ndogo, na kwamba ndivyo inavyotakiwa. Akikubana useme "nitarudi, naahidi," usiahidi lisilo mikononi mwako. Mwahidi kwamba utampigia simu usiku wa kuamkia upasuaji, umtajie saa, na saa hiyo ikifika, piga.